Mlango Uliosimama Katika Mtama

Nina ngano.

— Ilete tuione.

Haina miguu.

— Tutaibeba.

Mtachoka njiani.

— Tutapokezana.

Haya, shikeni upande wenu. Hapo kale, wakati kila chemchemi ilikuwa na mwenyewe, palikuwa na mchonga mizinga ya nyuki jina lake Mwaringa, na mkewe jina lake Mbodze. Jambo la mwisho la kawaida lililotokea nyumbani kwao lilikuwa hili: Mbodze alirudi kutoka kuteka maji, akautua mtungi, akamwambia mumewe asogeze kigoda kwa kuwa jua limeshamfikia. Mwaringa akasogeza. Adhuhuri Mbodze alisema kichwa kinamuuma. Siku ya tatu alizikwa nyuma ya nyumba, upande unaopata kivuli asubuhi.

Mwaringa alikuwa mtu wa vipimo. Ukimuuliza njia, hakukwambia ni mbali wala karibu, alikutajia hatua. Mbodze alikuwa mtu wa ngano. Jioni yeye alipika huku akisimulia, na mumewe akachonga huku akiitikia. Kuitikia ndiyo kazi aliyopewa. Mbodze akinyamaza kidogo, Mwaringa husema, "Ikawaje?" Akinyamaza tena, "Ikawaje?" Aliitikia hivyo kwa miaka thelathini na mmoja. Kusikiliza, tuseme ukweli, alisikiliza kama nusu yake.

Mnacheka. Yeye alikuja kuipiga hesabu hiyo baadaye, na hakucheka.

Sasa, baada ya maziko, maji ya chemchemi yalianza kupungua. Siku ya kwanza yalifika kwenye vifundo vya miguu. Siku ya pili yalifika kwenye kucha. Siku ya tatu wanawake walirudi na mitungi mitupu, wakaiegemeza ukutani. Mji ule haukuwa na maji mengine.

Mwenye mji, Mzee Toya, akatuma vijana wakachimbe. Aliyewaongoza ni Ngumbao, kijana aliyewahi kuua chui mmoja na kumsimulia kama chui wanne. Walishuka na majembe. Kabla jembe la kwanza halijaanguka, tope lililo juu ya jicho la chemchemi likatikisika, likafumbua macho mawili. Alikuwa chura. Mkubwa kama chungu cha mboga, mgongo wa kijani, tumbo la manjano.

"Acheni majembe," akasema chura. "Maji yapo. Nimeyakalia."

Wakamwita Mzee Toya, naye akauliza kwa adabu sababu ya jambo hilo. Chura akaeleza. Akasema kwamba kila alfajiri, kabla ya wanawake wengine kuamka, Mbodze alikuja kuteka maji, na kila alipochota kata moja alimsimulia kipande cha ngano. Mtungi ukijaa, ngano inakatwa, mpaka kesho. Ndivyo walivyoishi. Lakini safari hii amekatiwa mahali pabaya. Kuna mlango, akasema, na yeye anataka kujua nyuma yake kuna nini. Akijua, atainuka. Asipojua, hawezi, si kwamba hataki, mwili wenyewe umekataa.

Mzee Toya akamwambia kwamba Mbodze amefariki. Chura akatoa pole, na ilikuwa pole ya kweli. Ila akasema mtu huzikwa na sanda yake, hazikwi na ngano zake. Lazima yupo aliyeachiwa.

Mzee Toya akatangaza siku tatu. Maji yasipotoka, mji wote utahamia ng'ambo ya mlima, mwendo wa siku mbili. Watu wakaanza kufunga mizigo. Huyu akafunga vyungu, yule akafunga kuku. Mwaringa naye akatazama alivyo navyo. Alikuwa na mizinga sita, shoka, patasi mbili na kaburi. Kaburi halibebeki. Udongo wake ulikuwa bado haujashuka.

Siku ya kwanza akaenda Mzee Toya mwenyewe. Akamwambia chura kwamba nyuma ya mlango kuna sanduku la pembe za ndovu, limejaa vito. Chura akauliza ni nani aliyeliweka. Mzee Toya akasema halikuwekwa na mtu, lilikuwapo tu. Chura akazidi kudidimia topeni.

Siku ya pili akaenda Nyevu, mfinyanzi, shoga yake Mbodze. Akasema nyuma ya mlango kuna mume ambaye watu walidhani amekufa, amesimama na mikono wazi. Watu wakafuta macho. Chura naye akapepesa yake. Akamwambia, "Hiyo ni nzuri, mama, na ni yako. Itunze. Lakini mlango huo si ule."

Siku ya tatu akaenda Ngumbao. Nyuma ya mlango kuna simba, na simba akamrukia, naye akamkamata taya, akamwangusha, akamchoma, akamchoma tena. Chura akamwacha amalize, hata kile kipande cha kuchoma mara ya pili.

Kisha akauliza, "Simba huyo alikuwa anabisha hodi?"

Watu wakacheka, mara ya kwanza tangu maziko. Ngumbao akaondoka kwenda kuchukua mkuki wake.

Mwaringa alikuwa amefika siku zote tatu na kusimama nyuma ya watu. Sasa akavua makubadhi, akashuka topeni, akachuchumaa mbele ya chura.

"Wewe ndiwe mume wa Mbodze," chura akasema. "Nyuma ya mlango kuna nini?"

"Sijui."

"Hakukusimulia nyumbani?"

"Huenda alinisimulia. Huenda nilikuwa nachonga."

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kuuliza," akasema Mwaringa. "Mlango gani?"

Enhe. Mmeona? Siku tatu mji mzima unajibu, mwenye mji, mfinyanzi, muua chui, na hapana hata mmoja aliyeuliza ni mlango gani. Hata ninyi hapa sikusikia sauti. Chura alimtazama Mwaringa kama anayemwona upya. Akajiweka sawa topeni, akaanza.

Palikuwa na mwanamke aliyelima mtama, akasema. Asubuhi moja alifika shambani, akakuta mlango umesimama katikati ya mtama. Hapana nyumba, hapana ukuta. Mlango na miimo yake, basi.

"Ikawaje?" akasema Mwaringa. Mdomo ulijisemea wenyewe, kwa mazoea. Tofauti ni kwamba safari hii alingoja jibu.

Mlango ukagongwa kutoka upande wa pili. Ngo, ngo, ngo. Chura akaonyesha, akapiga tope kwa mguu mara tatu.

"Ikawaje?"

Mwanamke akazunguka aende nyuma.

"Alizunguka kwa kulia au kwa kushoto?"

"Kwa kulia," akasema chura. "Hivi." Akaruka kutoka pale alipokaa, akazunguka mlango usiokuwapo, akatua upande wa pili.

Na pale alipokuwa amekaa, maji yakachomoza. Membamba kwanza, kama uzi. Watu wakashikana mikono, wasithubutu kupumua. Chura hakuona. Yeyote aliyewahi kumsimulia mtu anayejua kuitikia anaelewa kwa nini hakuona.

Nyuma ya mlango, akaendelea, hapakuwa na mtu. Mtama tu, na ndege juu yake. Lakini mara mlango ukagongwa upande wa mbele, kule alikotoka. Mwanamke akarudi mbele.

"Hatua ngapi?"

"Nane. Hivi." Chura akaruka mara nane, na kila aliporuka maji yalichuruzika chini yake. Mbele hapakuwa na mtu. Siku ya pili vilevile: akigongewa mbele, anakwenda nyuma, akigongewa nyuma, anakuja mbele. Siku ya tatu mwanamke hakuzunguka. Alitega sikio kwenye ubao, akasikia mtu akipumua, kama aliyetoka mwendo mrefu. Akamuuliza, "Wewe ni nani?" Na sauti ya ndani ikasema, "Nami nilitaka kukuuliza hivyo hivyo."

"Ikawaje?" Mwaringa akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Akashika komeo," akasema chura, mkono mmoja juu.

"Ikawaje?"

Mkono ukabaki juu. Maji yalikuwa yamemfikia Mwaringa kiunoni hapo alipochuchumaa.

"Hapo," akasema chura, "mtungi ulijaa."

Wako wasimuliaji wanaosema yote ilikuwa hila, kwamba Mwaringa aliuliza kulia na kushoto na hatua ngapi ili amtoe chura kwenye jicho la maji. Mimi siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba maji yalipotoka aliyaona, na aliendelea kuuliza.

Ngumbao akatokea na mkuki. Akaona chura yuko nje ya jicho, mgongo wazi. Akamwomba Mwaringa asogee kidogo tu, mzee wangu, yeye amalize kazi ili balaa hili lisirudi. Mwaringa hakugeuka wala hakusogea.

"Ukimchoma huyu," akasema, "nani mwingine anaujua mlango?"

"Mlango wa nini tena? Maji tumeshapata."

"Ninyi mmepata."

Ngumbao alisimama na mkuki wake hadi Nyevu alipomshika mkono, akamwambia taratibu kwamba ateremshe kitu hicho. Akakiteremsha.

Ndipo chura alipotazama chini na kuona kilichotokea. Hakukasirika. Akasema amewekwa mahali pagumu. Akirudi kukaa, mji utahama, na hatapata wa kumletea mwisho. Asipokaa, watu wakishiba maji watamsahau, na mwisho hatauona vilevile.

"Usikae," akasema Mwaringa. "Mimi nitautafuta. Kwao Mbodze ni mwendo wa siku nne. Dada zake wapo, na mama yake mdogo yupo. Ngano zake alitoka nazo huko."

"Na kama hii hakutoka nayo? Kama aliitunga hapa, kata kwa kata?"

Mwaringa akafikiri. Jambo hilo hakuwa amelipima. "Basi nitarudi kukusimulia mahali pote nilipoutafuta."

"Hiyo nayo itakuwa na mlango?"

"Sijui bado."

Jibu hilo lilimpendeza chura kuliko yote aliyopewa siku zile tatu. Akapanda jiwe lililo kando ya jicho la chemchemi, akajituliza. Ndiyo maana hadi leo, ukienda kuteka maji, chura humkuti katikati. Utamkuta pembeni, anakutazama usoni, kama mtu anayengoja umalizie ulichokuwa unasema.

Jioni ile mizigo ikafunguliwa. Kuku wakaachiwa, vyungu vikarudi mekoni.

Asubuhi yake Mwaringa alijaza kibuyu maji, akavaa makubadhi, akapita nyuma ya nyumba, akasimama hapo muda mfupi. Halafu akashika njia ya kwao Mbodze. Hatua mia nne kutoka mjini alikutana na mwanamke asiyemfahamu, mzigo wa kuni kichwani. Wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto na za mvua. Mwaringa akamuuliza kama anaujua mwisho wa ngano ya mlango uliosimama katika mtama.

"Baba," akasema yule mwanamke, "hata mwanzo wake siujui."

Mwaringa aliona kwamba hapa, na nyumba ijayo, na kila nyumba kwa siku nne, hataweza kumwomba mtu mwisho bila kumpa kwanza mwanzo. Na yeye katika maisha yake hakuwahi kuanza ngano hata moja. Akatua kibuyu chini. Akajikohoza.

"Palikuwa na mwanamke aliyelima mtama," akasema.

Yule mwanamke akashusha kuni zake, akaketi juu yake.

Mimi nimefikia hapo. Aliyesinzia amuulize jirani yake, na anayeijua mbele asiondoke kabla hajaniambia.

— Tumekusikia. Pumzika.