Ndege Isiyosikia

Wapendwa, kuna watu wanaorusha ndege bila kutoka chumbani. Ndiyo, chekeni kidogo. Hata mimi nilicheka, halafu nikaonyeshwa, na kicheko kikaniishia mdomoni.

Mtu anakaa mbele ya kompyuta, ameshika usukani wa plastiki, na kwenye kioo anaona kila anachokiona rubani: mishale ya mafuta, ncha ya bawa, mawingu, taa za uwanja. Wala hayuko peke yake angani. Kupitia mtandao wamo marubani wengine, kila mmoja nyumbani kwake, na wamo waongozaji. Hao ni watu wa kweli wenye sauti za kweli, wamekaa mbele ya rada zao kama wale wa viwanja vikubwa, wanasema wewe panda, wewe shuka, wewe ngoja. Hawalipwi. Wanafanya kwa mapenzi tu.

Basi, palikuwa na fundi mmoja wa majokofu, mkazi wa Iringa. Tangu utotoni alitaka kuwa rubani, lakini jicho lake la kushoto lilimkatalia. Daktari alimpima, akatikisa kichwa, na ile ndoto akaikunja kama suti ya harusi, akaiweka chini kabisa ya sanduku. Miaka ikapita. Siku alipoujua mchezo huu, aliifungua tena ile suti, akakuta bado inamtosha.

Ndege kubwa za abiria huendeshwa na marubani wawili. Yeye aliendesha peke yake, viti vyote nyuma yake vitupu, na alijivunia upweke wake huo. Klabu yao ilikuwa na desturi: anayetaka cheo cha kapteni wa ndege kubwa huruka safari moja ndefu chini ya waongozaji, kutoka kupaa hadi kutua, bila kosa. Na sheria ilikuwa moja isiyo na msamaha. Mwongozaji akikuita usiitike, anaruhusiwa kukuondoa angani. Anabonyeza mara moja tu, na ndege yako inafutika, safari yako inafutika, na cheo unakisahau.

Jumamosi moja mchana akapaa kutoka Lusaka kwenda Dar es Salaam. Hiyo ndiyo safari yake ya cheo. Kwa mkewe alikuwa ameshatangaza kwamba jioni ataitwa kapteni.

Alipokaribia mpaka, mwongozaji wa Lusaka alimuaga, akampa namba ya redio ya mwongozaji wa Dar. Sasa sikilizeni jambo hili dogo, maana humo ndimo mfano wetu ulimolala. Redio ya ndege ina vidirisha viwili vya namba. Cha kushoto ni namba unayoisikiliza. Cha kulia ni namba inayongoja. Ukipewa mwongozaji mpya, unaandika namba yake kulia, halafu unabonyeza kitufe cha katikati, namba zinabadilishana nafasi, ndipo unamsikia.

Fundi akaandika namba. Akaikagua, haikukosewa hata tarakimu moja. Wakati huohuo mawingu yakapasuka mbele yake, na Mlima Rungwe ukatokea, mweusi, mkubwa, umevaa ukungu mabegani. Akasahau kupumua. Akasahau na kitufe.

Sauti za Lusaka zikafifia nyuma yake. Kikaja kimya. Na kimya kile, ndugu zangu, kilikuwa kitamu. Chini kulikuwa na nchi nzima imelala, Ruaha inang'aa kama uzi, vivuli vya mawingu vinatembea juu ya misitu taratibu kama ng'ombe wanaorudi zizini. Hakuna aliyemwambia panda. Hakuna aliyemwambia geuka. Mbele yake njia ilikuwa nyeupe, haina ndege hata moja.

Mkewe akaingia na chai, akamtania kwamba abiria wa viti vya nyuma wanauliza kama chapati zimebaki. Fundi akacheka, akapokea kikombe. Mke akasimama kidogo, akatazama kioo, akatega sikio.

"Mbona hao watu wako leo hawasemi?"

"Rubani anayejua kazi hasemeshwi, mama watoto. Wamenichunguza, wameona niko sawa, wameniacha."

"Haya, kapteni," mke akasema, akatoka. "Ukifika Dar unisalimie dada."

Saa ya kushuka ikafika. Fundi akaita, akaomba ruhusa ya kuanza kushuka. Kimya. Akaita tena. Kimya. Akakasirika, akajisemea kwamba mwongozaji huyu amesinzia, na uzembe wa mtu mwingine utamharibia siku yake. Akaita mara nyingine, kwa ukali. Ndipo jicho lake zima likateremka kwenye redio, likaiona namba ya Dar bado iko kulia. Inangoja.

Mmeshawahi kushika mfuko wa nyuma mkakuta pochi haipo? Baridi ile ndiyo iliyompanda mgongoni. Tangu mpakani hakuwa amesikia neno. Alijua sheria. Alitazama kioo akitegemea kukiona kinakuwa cheusi mbele yake. Hakikuwa. Ndege yake ilikuwa bado inaruka, mbele yake bado peupe.

Akabonyeza kitufe.

Anga likajaa sauti. Kumbe halikuwa kimya hata kidogo. Marubani walikuwa wengi, na katikati yao mwanamke mmoja, sauti imemkauka kwa kusema, lakini mtulivu. Alimwambia mmoja ageuke kushoto. Alimwambia mwingine abaki juu, asishuke bado. Mwingine alikuwa akizungushwa juu ya Morogoro, na uvumilivu ulikuwa umemwisha.

"Dar, nimezunguka hapa mpaka nimekuwa kama pia ya watoto," alilalamika yule. "Tunampisha nani? Mheshimiwa gani anapita?"

"Tunampisha mmoja asiyesikia," mwanamke akajibu. "Nimemwita tangu mpakani. Endelea kuzunguka, tafadhali."

"Si umwondoe tu?"

"Nikimwondoa amepoteza safari yake yote. Amekaribia kufika. Korongo Nne, Korongo Nne, hapa Dar, unanisikia?"

Korongo Nne lilikuwa jina la ndege ya fundi.

Alikaa na mkono juu ya usukani, chai inapoa. Ile njia nyeupe. Ule utulivu aliousifu. Kumbe kila alipopita, kulikuwa na mtu anasafisha njia mbele yake, anawasogeza wenzake huku na huku, analitaja jina lake katika anga asilolisikia, bila kuchoka, bila kumkasirikia. Alidhani ameachwa kwa sababu anajua. Hakuwa ameachwa kabisa.

"Dar," akasema mwishowe. "Hapa Korongo Nne. Nipo."

Mwanamke hakumuuliza alikuwa wapi.

"Korongo Nne, karibu. Shuka sasa. Njia ni yako."

Akashuka. Akatua, magurudumu yakagusa ardhi kama mtu anayelaza mtoto. Alipoegesha, yule mwanamke akamwambia kwa upole kwamba cheo leo hakitoki, na kwamba bila shaka mwenyewe anajua. Fundi akasema anajua. Akashukuru, akazima.

Mkewe akachungulia mlangoni. "Kapteni, umefika?"

Fundi akageuza kiti, akamtazama.

"Nimefikishwa," akasema.

Na Jumamosi iliyofuata hakuomba kurudia safari ya cheo. Aliomba afundishwe kukaa upande wa rada.

Wapendwa, sisi namba tunazo. Tumebatizwa, nyimbo tunazijua kwa moyo, Biblia imo kwenye begi na imefunikwa vizuri na kitambaa. Tumeandika bila kukosea hata tarakimu moja. Je, kitufe tumebonyeza? Ama tunapita juu ya nchi nzuri ya Mungu, tunasifu kimya chake, na kimya ni cha redio yetu wenyewe?

Ile miaka uliyoishi bila kuomba na hakuna kilichokugonga, uliiitaje? Ulisema una akili. Ulisema una bahati. Nani alikuwa anasafisha njia?

Na wewe uliyekaa benchi la nyuma hapo, unayemnung'unikia Mungu kwamba wenzako wanatua na wewe anakuzungusha tu. Nakuuliza kwa upendo: unajua unampisha nani? Pengine kuna mmoja asiyesikia anapita chini yako, na mzunguko wako ndio uhai wake. Siku moja ulikuwa wewe.

Jina lako linatajwa sasa hivi. Limetajwa tangu mpakani. Anayekuita hakuombi hotuba, ndugu yangu, wala hakuulizi ulikuwa wapi. Nyosha mkono, bonyeza, useme neno moja tu.

Nipo.