Paa la Mwinyikondo na Mafiga ya Bi Msimu

Sogeeni karibu. Mwenye kukohoa akohoe sasa amalize, na mwenye simu aizime. Haya, kimya.

Palikuwa na tajiri, jina lake Mwinyikondo, na tajiri huyo alikuwa hainami. Milango ya nyumba zake yote ilikatwa mirefu, asije akainamisha kichwa kwake mwenyewe. Siku moja akataka kujenga nyumba mpya, na paa lake akalitaka la namna yake: mbele fupi, nyuma refu.

Kwa nini nyuma refu, sikilizeni. Mji ule haukuwa na hati za viwanja. Ulikuwa na maneno ya wazee. Walisema mchirizi ndio mpaka: maji ya paa lako yanapodondokea, hapo ndipo kiwanja chako kinapokoma. Wakasema tena, aliye chini ya paa lako ni mgeni wako, mlishe. Watu wakaishi hivyo miaka na miaka, kila mtu na paa lake la kiasi. Mwinyikondo peke yake ndiye aliyekaa akawaza: na paa likirefuka je? Neno la kwanza alilishika sana. La pili halikumjia.

Nyuma ya kiwanja chake palikuwa na ua wa Riziki. Ua wenyewe mdogo, una mafiga matatu tu, na penye mafiga ameketi mama yake Riziki, Bi Msimu, ambaye alikuwa amepika hapo miaka arobaini. Hawakuwa na kingine. Na Riziki huyo ndiye mchora ramani wa mji mzima. Alikuwa na kompyuta ya kuchorea nyumba, kaiweka kwenye kibanda barazani kwa nani? Kwa Mwinyikondo huyo huyo.

Basi tajiri akaja, akaketi, akasema shida yake. Anataka paa ambalo mchirizi wake wa nyuma utadondoka ng'ambo ya mafiga. Riziki akilichora, Ijumaa ataitwa sheha aje alitazame, aupitishe mpaka mpya. Asipolichora, Ijumaa hiyo hiyo atoke barazani na kompyuta yake.

Riziki akamtazama. "Ng'ambo ya mafiga, Bwana, ua wetu umekwisha."

"Najua. Chora."

Akachora. Lakini kompyuta, wanangu, haina adabu. Haijui huyu tajiri wala huyu maskini. Mwinyikondo akataka ukuta wa mbele na wa nyuma ulingane kimo, mteremko wa huku na wa huko ulingane, halafu mgongo wa paa, pale juu miteremko inapokutana, usogee mbele. Riziki akaandika yote kama alivyoambiwa. Mgongo ukakaa katikati. Akausukuma mbele. Ukarudi katikati.

"Inakataa," akasema tajiri.

"Haikatai. Inakungoja uchague. Kuta zikilingana na miteremko ikilingana, mgongo hukaa katikati, hata uuhonge. Ukitaka upande mmoja mrefu, kimoja ukiachie: mteremko wa nyuma ulale, au ukuta wa nyuma ushuke."

"Mteremko usilale. Watu watasema paa langu linachechemea."

"Basi ukuta ushuke."

"Ushuke mpaka wapi?"

"Mpaka wewe useme basi."

Riziki akaliburuta paa. Likateremka. Penye mpaka wa zamani ukingo ulikuwa juu ya kichwa cha mtu. Penye mafiga ulikuwa begani. Ng'ambo ya mafiga, kiunoni.

"Basi," akasema Mwinyikondo.

"Kiunoni, Bwana? Mtu atapitaje hapo?"

"Nani apite? Kuku." Akacheka peke yake, akatia saini.

Ijumaa sheha akaja, akavaa miwani, akainamia kompyuta. Riziki akaigeuza nyumba: mbele, ubavuni, nyuma. Sasa, kompyuta ile huwa na vijitu, mchoraji huviweka ndani ya picha ili mwenye nyumba apate kuona kimo. Riziki alikuwa amekiweka kimoja tu. Kimeketi juu ya mbuzi ya nazi, karibu na mafiga.

"Huyu nani?" akauliza sheha.

"Mama yangu, Sheha. Yuko chini ya paa la Bwana."

"Mtoe," akasema Mwinyikondo.

"Kwenye picha namtoa sasa hivi. Kule uani atamtoa nani? Ukingo uko kiunoni. Wa kuingia ataingia kwa kuinama."

Mwinyikondo akapunga mkono. Akasema atatuma watu.

Sheha akavua miwani. Akakumbusha, taratibu tu, kwamba wazee walisema aliye chini ya paa lako ni mgeni wako, na mgeni hafukuzwi, hulishwa.

"Mgeni siku mbili," akasema tajiri. "Ya tatu mpe jembe."

"Mpe, Bwana," akasema Riziki. "Ila hizo siku mbili utahesabu kuanzia lini? Mama yuko pale miaka arobaini, paa lako bado liko kwenye kompyuta. Kama yeye si mgeni, basi ni mwenyeji, na paa ndilo lililoingia kwake bila hodi."

Sheha akamgeukia tajiri. "Tuambie wewe, Mwinyikondo. Bi Msimu ni mwenyeji au ni mgeni wako?"

Mwinyikondo akautazama ule ua kwenye picha. Akauona ulivyo mzuri. Mtu wa kutorudi nyuma, akasema, "Mgeni wangu."

Riziki akachungulia dirisha la kuelekea uani. "Mama, zima moto. Bwana Mwinyikondo anauliza, leo wakupikie pilau au wali wa nazi?"

Sauti ya Bi Msimu ikaja toka uani, wala haina haraka. "Pilau. Na kesho wali wa nazi."

Mafiga yale aliyarithi Riziki. Wana wa Mwinyikondo walirithi nyumba, mgongo wa paa lake uko katikati, na mchirizi wake uko penye mpaka wa zamani.