Moto wa Bi Siwatu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kinyonge? Kwa sababu umeme umekatika? Haya sogeeni, taa ya chemli inatutosha. Paukwa tena!

Pakaaawa!

Hapo zamani za kale, kabla watu hawajakijua kiberiti, palikuwa na kijiji, na kijijini humo alikuwamo bibi kizee, jina lake Bi Siwatu. Mfupi, mgongo umepinda, ulimi mkali. Kila jioni Bi Siwatu alizunguka nyumbani mwake akitoa shukrani. Akiwashukuru watu? Wapi! Akishukuru vitu!

"Ahsante, moto, umeniivishia. Ahsante, mtungi, umenipoozea maji. Ahsante, mbuzi, umenikunia nazi na vidole vyangu bado ninavyo."

Na mbuzi yenyewe ya kukunia nazi ilikuwa kuukuu, mguu mmoja mfupi, mbao imekunywa tui mpaka inang'aa.

Watoto wakicheka, kwa! kwa! kwa! Watu wazima wakitikisa vichwa. Lakini aliyeumia hasa ni Mashavu, mke wa mwanawe. Kila akienda kisimani, wenzake humchokoza. "Mashavu, mama mkwe hajambo? Na mtungi wake hajambo?" Mashavu hurudi nyumbani amevimba kwa hasira.

Mwaka mmoja masika yakaja kwa ubaya. Chwaa! Chwaa! Mchana mvua, usiku mvua. Mpunga ukaoza shambani. Mto ukafurika, Makame, mume wa Mashavu, akakwama ng'ambo. Na Mashavu ndio kwanza kajifungua.

Akaenda kumjulia hali mama mkwe. Akamkuta ameshika kipande cha muhogo mkavu. "Ahsante, muhogo."

Hapo mambo yakamfika Mashavu shingoni. "Mama! Mpunga umeoza, mwanao hatujui hali yake huko ng'ambo, nawe unashukuru? Unashukuru nini? Unanitia aibu!"

"Nashukuru kilichobaki, mwanangu," akasema Bi Siwatu. "Kilichooza nimekwisha kukililia."

Mashavu akatoka bila kuaga. Hakukanyaga tena pale.

Sasa sikilizeni desturi ya kijiji hicho. Moto ukikuzimikia, unachukua kigae, unakwenda kwa jirani, unapewa kaa, unarudi mbio. Kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kuulinda moto wake. Wa nini, na jirani anao? Jirani naye akawaza vivyo hivyo.

Asubuhi moja Mashavu akaamka, jiko baridi. Paa lilikuwa limevuja, majivu yamekuwa uji. Akamshika mtoto: baridi! Midomo imepauka. Kilio kimekuwa chembamba, nga… nga… Mtoto anataka joto, na analitaka sasa hivi. Mashavu akamfunga kifuani, akatwaa kigae, akatoka mvuani.

"Hodi! Hodi!"

"Karibu!" Ni Bi Mkunde, jirani.

"Naomba moto."

"Moto? Nami nilikuwa naja kwako!" Na kweli, kigae anacho mkononi.

Wakaenda wawili, tope mpaka magotini, choboko, choboko. Wakafika kwa Kombo, seremala.

"Hodi! Hodi!"

"Karibuni!"

"Tunaomba moto."

"Moto? Nami nilikuwa naja kwenu!"

Wakaenda watatu, kisha watano, kisha kundi zima, choboko, choboko, mpaka kwa Jumbe, mkuu wa kijiji. Jumbe mwenyewe kasimama mlangoni, ungo kichwani asilowe, kigae mkononi.

"Afadhali mmekuja!" akasema Jumbe. "Nipeni moto."

Watu wakatazamana. Kijiji kizima kimeshika vigae, na kaa hata moja hakuna. Na kifuani mwa Mashavu mtoto akaacha kulia. Alikuwa anapumua tu, taratibu.

Nyumba iliyobaki ni moja, ya mwisho kabisa. Mashavu akaona aibu, jamani! Ataingiaje pale? Kwa uso gani? Akamtazama mwanawe, akaimeza aibu yake, akakimbia. Watu wote nyuma yake.

Lo! Ukuta mmoja umelala chini. Paa limeinama. Mafiga yamo ndani ya maji.

"Mamaaa!" akapiga ukelele Mashavu.

"Usinipigie kelele, nimezeeka, sijafa!"

Kumbe yuko pembeni, pakavu kidogo, ameikalia mbuzi yake, amekumbatia chungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mjukuu wangu ana nini? Mlete."

Akafunua chungu. Jumbe akachungulia. "Majivu matupu!" Bi Siwatu akachimbua majivu kwa kijiti, polepole. Chini kabisa, kaa dogo kama korosho, jekunduuu!

"Jana jioni nilikuwa naushukuru moto," akasema. "Nikaona maji yanayanyemelea mafiga. Nikauhamishia chunguni."

"Sisi mbona hatukuyaona ya kwetu?" akauliza Jumbe.

"Mtu hashukuru amegeuza kisogo, Jumbe. Lazima atazame."

Jumbe akanyoosha kigae. "Basi mimi kwanza."

"Mtoto kwanza!"

Jumbe akakirudisha kigae. Lakini kuni ziko wapi? Zote chapachapa. Bi Siwatu akainuka, akaipapasa mbuzi yake.

"Ahsante, mbuzi. Umenifaa tangu nilipokuwa mwari. Nifae mara hii moja tu." Akageuka. "Kombo, pasua."

Kombo akapasua. Ile mbao iliyokunywa tui miaka na miaka ikawekwa juu ya kaa. Mashavu akapuliza. Fuu! Bi Mkunde akapuliza. Fuu! Jumbe naye akapiga magoti topeni. Fuuu! Moshi… moshi… mara pwaa! Moto!

Wakamsogeza mtoto. Midomo ikapata rangi. Mguu ukarusha teke. Halafu, ngaaa! Ngaaa! Alilia kwa nguvu mpaka mvua haikusikika. Vigelegele vikapigwa!

"Mama, nisamehe," akasema Mashavu, machozi yanamtoka.

"Shika vigae, mwanangu, watu wanangoja."

Makaa yakatoka, Jumbe akiyakinga kwa ungo wake, nyumba hadi nyumba. Moshi ukapanda kila paa, mvua inanyesha na watu wanaimba. Mvua ikanyesha weee, ikachoka yenyewe. Makame akavuka, akapakata mwanawe. Kombo akachonga mbuzi mpya.

Na Bi Siwatu akahamia kwa Mashavu. Jioni ya kwanza, kabla hajafungua kinywa, alimsikia mkwewe: "Ahsante, moto." Jirani akaitikia kutoka kwake: "Ahsante, moto!" Na wa pili, na wa tatu. Kijiji kizima kikawa kinaongea na vyungu, na wa kucheka hakubaki.

Basi nyie mlionuna: bomba linatoa maji, jiko la gesi linawaka, kiberiti kimo mfukoni. Anayeshukuru hukitazama kitu chake, akikitazama hukitunza, na shida ikija humkuta nacho.

Hadithi yangu nimeifukia majivuni hapo. Anayeitaka aje na kigae chake.