Udongo Mweupe wa Ndani

Ndugu zangu wapendwa, naomba mnivumilie kidogo. Mfikirieni mama mmoja mwenye mtoto wa miezi mitano, aliyeolewa katika kijiji cha milimani, ambako nyumba hupakwa udongo mweupe kila sherehe inapokaribia. Jumapili binti wa wifi yake alikuwa anapata kipaimara. Basi Ijumaa asubuhi mawifi hao wawili wakachukua majembe na ndoo, wakaenda kwenye shimo la udongo huo, mtoto akiwa mgongoni mwa mama yake.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Pale mdomoni mwa shimo udongo ulikuwa wa kijivu. Ule mweupe kama unga wa sembe ulikuwa ndani, chini ya ukingo mkubwa uliotokeza kama paa. Yule mama akainua macho. Juu ya ukingo akaona ufa, mpana wa kuingia kiganja, na vijiwe vikidondoka kimoja kimoja.

"Wifi, tuchimbe huku huku nje," akasema.

"Huu wa kijivu? Wageni wakija waseme nimepaka majivu ya jikoni?"

"Waache waseme. Huko ndani siingii."

Wifi akacheka hadi akashika kiuno. "Kumbe kaka yangu alituletea kuku! Wenye nyumba nyeupe wote wanaingia humu. Haya, kaa hapo utage, nitakuletea mtama."

Maneno hayo yalimchoma. Alijua jioni yatarudiwa mbele ya mama mkwe, tena kwa madoido. Lakini hakusogea. Wifi akainama, akaingia.

Ndoo ya kwanza ilijaa. Ya pili haikujaa. Ardhi ilitoa mlio mzito, tope likashuka, na kulipotulia wifi alikuwa amefukiwa hadi kifuani. Nusu ya ukingo ilikuwa imeanguka. Nusu nyingine ilikuwa bado inaning'inia juu ya kichwa chake.

Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Yule mama alipiga yowe mpaka koo likauma. Akasikia watu wakiitika, lakini mbali, ng'ambo ya bonde. Akamfungua mwanawe mgongoni, akamlaza kwenye nyasi mbali na shimo, akaingia.

Jembe aliliacha, asije akamkata wifi miguu. Akachimba kwa mikono. Madonge ya tope yalimwangukia shingoni, na kila donge lilimkata pumzi. Nje mtoto akaanza kulia.

"Toka!" wifi akasema huku akihema. "Litakuangukia na wewe. Nani atamnyonyesha mtoto?"

"Nyamaza, vuta pumzi. Sukuma huo mguu."

"Nakuambia toka!"

"Na mimi nakuambia sukuma!"

Mguu ukachomoka, wakatoka wakitambaa. Kabla hawajamfikia mtoto, ukingo wote ukashuka, ukafunika majembe na ndoo.

Wifi alikaa chini. "Nilikuita kuku," akasema. "Palipokuwa na nafuu ulikataa. Palipokuwa pabaya kabisa ndipo ukaingia. Kwa nini?"

Yule mama alikuwa anamnyonyesha mwanawe, matope yamemjaa hadi kwenye kope. "Mwanzo mle ndani palikuwa na udongo tu," akajibu. "Baadaye ulikuwemo wewe."

Ndugu zangu, sisi tunaingia wapi? Tunapanda watatu kwenye pikipiki, mtoto katikati, ili tusikose kupiga picha harusini. Tunavuka mto uliojaa kwa sababu mtu amesema hatuwezi. Lakini jirani akisikika anapigwa tunafunga madirisha, tunaambiana kuwa ni hatari. Uhodari wetu wote tumeumalizia kwenye udongo, na siku mtu anapofukiwa tunakuwa hatunao tena.

Wala msiseme yule mama hakuwa na woga. Aliogopa mara mbili, na mara zote mbili alikuwa na haki ya kuogopa.

Kwa hiyo juma hili ukifika mahali pa hatari, usijiulize kwanza kama watu watakucheka. Jiulize mle ndani kuna nini. Kama ni udongo, kubali kuitwa kuku, urudi nyumbani. Kama ni mtu, mlaze mtoto kwenye nyasi, uingie.