Mbayuwayu Aliyesubiri Kuitwa

Mnakiona kile kiota cha tope pale juu ya mlango? Msikiguse. Zamani hakikuwapo, wala mwenye kiota hakuwa ndege.

Enzi hizo, mvua ya kwanza ilipoanguka, kila binti aliyeolewa mbali alirudi kwao. Mama alipika kunde zilizobaki baada ya mbegu kutengwa, na familia nzima ikala pamoja kabla jembe halijagusa ardhi. Lakini binti hakujiingilia tu. Alisimama nje, chini ya ukingo wa paa, mpaka mama yake amwite kwa jina mara tatu. Hapo ndipo alipovuka kizingiti na vigelegele vikapigwa. Mtu mwingine hakuruhusiwa kumwita, hata baba mwenye nyumba.

Basi alikuwapo mwanamke aitwaye Mwashi, ingawa kijiji kizima kilimwita Mama Kalunde, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alimpenda Kalunde kupita kiasi, na labda ndiyo maana alimkasirikia kupita kiasi. Mwaka uliotangulia aliolewa Nyamizi, mdogo wake Kalunde. Ngoma zilichezwa siku tatu, na kila mgeni aliuliza dada mtu yuko wapi. Kalunde hakuja, wala hakutuma salamu. Mama yake alitabasamu mbele za watu, lakini kinyongo alikiweka, akakitunza vizuri kama anavyotunza mbegu.

Mvua ikaja. Nyamizi alifika mapema, akaitwa, akaingia. Baadaye Kalunde akatokea njiani, amekonda, matope hadi magotini, shanga nyekundu shingoni. Akasimama chini ya paa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Mwashi akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye chungu. Jina hakulitaja.

Nyamizi akamsogelea. "Mama, dada amefika. Mwite basi, analowa."

"Nimemwona. Siku tatu za harusi yako nilimngoja mimi. Na yeye angoje kidogo, aone kunavyouma."

Wala hakuwa na nia mbaya. Alipanga kumwita kunde zikiiva, amkumbatie, amgombeze, yaishe. Akachochea kuni. Nje mvua ikazidi, na katikati ya kishindo chake akasikia "mama", mara moja, kwa sauti ya chini. Nusura ainuke. Ngoja kwanza nitie chumvi, akajiambia.

Kunde zilipoiva, Mwashi alifuta mikono, akaita kwa furaha: "Kalunde! Kalunde! Kalunde!"

Hakuna aliyevuka kizingiti. Akatoka. Nyayo za matope zilifika ukutani zikaishia hapohapo. Juu kwenye boriti alikaa ndege mdogo, wa aina ambayo hakuna aliyewahi kuiona, ana wekundu shingoni na tonge la tope mdomoni.

Mwashi alikuwa bado anamtazama pale wifi wa Kalunde, dada wa mumewe, alipofika akihema, mzigo kichwani.

"Ameshaingia, mama? Mwacheni alie," akasema. "Mwanawe alifariki wiki ile ya harusi. Alitukataza kuleta habari, hakutaka msiba uingie kwenye sherehe ya mdogo wake. Tangu siku ile hajatoa chozi. Alisema atalia akishaingia kwa mama yake."

Mwashi akakaa chini palepale matopeni. Akaita jina lile mara tatu, mara kumi, mpaka sauti ikamkauka. Ndege alimwinamishia kichwa kana kwamba anasikiliza, kisha akabandika tonge lake ukutani, akaruka kwenda kutafuta jingine. Mlango ulikuwa wazi, lakini hakuingia. Na zile kunde siku hiyo hazikuliwa na mtu.

Na tangu siku hiyo, mvua ya kwanza ikianguka, mbayuwayu hurudi, akajenga kwa tope chini ya mapaa yetu, na hata tukimwachia mlango wazi, yeye hubaki nje. Ndiyo maana pia, kwetu, mama akimwona mwanawe anakuja, hata kama bado yuko mbali njiani, hata kama kunde ni mbichi na mikono imejaa unga, huacha kila kitu akamwita kwanza. Mengine huulizwa ndani.