Kaa Aliyeiamuru Chumvi

Sogeeni hapa, wanangu, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzako. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, masufuria na majirani wasumbufu kama sisi, Kaa mmoja aliishi pale mto unapoingia baharini. Alikuwa mdogo kama kizibo cha soda, lakini gando lake moja lilikuwa kubwa kuliko mwili wake. Maneno yake yalikuwa makubwa kuliko gando.

Kaa alijua jambo ambalo wanyama wakubwa wa huko juu mtoni hawakulijua. Bahari ikijaa, chumvi hupanda na maji mpaka ndani ya mto. Ikipwa, chumvi hushuka nayo. Alikuwa akishinda topeni kutwa, akiyatazama maji yakija na kuondoka, hata akazijua saa zake zote.

Siku moja Kiboko alikuja kuteka maji, akaonja. "Tfuu! Chumvi tena! Mke wangu atapikia nini leo?"

Kaa akatoka shimoni, kwaru kwaru kwaru. "Si ungeniomba mimi, Bwana Kiboko? Chumvi hii naiamuru mimi."

"Wewe? Kidudu kama wewe?"

Kaa akatupa jicho kwenye jiwe lake la alama, alilolitumia kupimia maji. Maji yalikuwa yamefika juu, karibu yageuke. Akalipandisha gando, akalipunga hewani. "Chumvi, rudi kwenu!"

Wakangoja. Maji yakasimama, kisha yakaanza kushuka, chururu, chururu. Baadaye Kiboko akaonja tena, macho yakamtoka pima.

"Lahaula! Yamekuwa matamu!"

Tangu hapo Kaa hakujipikia tena. Kiboko alimletea uji wa mtama kila asubuhi, Nyati alimpisha kiti, na wote wawili wakamwita Mwenye Chumvi. Kaa akinywa uji ule shimoni alicheka peke yake mpaka ukampalia. Majitu mazima, yanachezewa na mtu asiyeyafika hata kwenye kisigino!

Kumbe waliosikia habari zile hawakuwa Kiboko na Nyati peke yao.

Asubuhi moja akaja jirani yake, Bi Chura, tumbo mbele, anahema. "Jirani, nataka kutaga. Dimbwi langu limekauka na kiangazi hiki. Nimeona kidimbwi kizuri kando ya mto, juu kidogo ya ule mkoko uliopinda. Je, chumvi itafika pale? Maana wanangu hawaiwezi, hata kidogo."

Nyati alikuwa karibu, ametega masikio. Kaa angesemaje "sijui" mbele ya Nyati?

"Taga bila wasiwasi, Bi Chura. Chumvi nimeikataza kuuvuka mkoko ule."

"Mungu akuweke, jirani yangu."

Neno lile likamrudia Kaa kutwa. Siku hiyo hata uji aliubakiza.

Basi mwezi ukawa mpevu, na bamvua likaja, yale maji makubwa kuliko yote ya mwezi. Miaka mingine bamvua lilikuwa likiishia penye mkoko uliopinda, kwa sababu mto ulilisukuma lirudi. Lakini mwaka huo mvua hazikunyesha. Mto ulikuwa mwembamba, hauna nguvu ya kusukumana na bahari. Kaa alikuwa ameihesabu bahari, akausahau mto.

Asubuhi hiyo maji yakalipita jiwe la alama. Yakaifikia mizizi ya mkoko, yakaizunguka, yakaendelea. Kaa akaonja. Chumvi tupu!

Akatimua mbio, kwaru kwaru kwaru, mpaka kidimbwini. Bi Chura alikuwa ameketi, anayaimbia mayai yake.

"Karibu, Mwenye Chumvi! Naona unawaletea wanangu maji zaidi."

Kaa akalipandisha gando. "Chumvi, rudi!" Maji yakapanda. "Rudi, nakwambia!" Maji yakamfika miguuni. Aliona aibu hadi mwili ukamchemka ndani ya gamba.

Akakimbilia kwa Kiboko, akamkuta anastaftahi na Nyati. "Bwana Kiboko, njoo uwabebe watoto wa Bi Chura! Chumvi inakuja!"

Kiboko akacheka, ha ha ha, meza ikatikisika. "Niache chai yangu kwa hilo? Si upunge gando tu, mheshimiwa?"

Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni kwa Kaa, na wa pili nyuma yake. Lakini kila uongo ungehitaji muda, na maji hayakuwa yakimngoja.

"Gando langu halifanyi kitu," akasema kwa sauti ndogo. "Maji hujaa yenyewe na hupwa yenyewe. Niliwadanganya nipate uji."

Nyati akaweka kikombe chini. Kaa alitamani tope limmeze.

Kiboko akainuka, puu! puu! puu! mpaka kidimbwini. Maji ya bahari yalikuwa yameanza kuingia. Akafungua kinywa kile kikubwa, akayachota maji matamu pamoja na mayai, isipokuwa yale ya ukingoni ambayo chumvi ilikwisha kuyagusa. Akafunga kinywa, akaanza kuupanda mto kwenda kusikofika chumvi. Hakuweza kusema, maana kinywa kilijaa watoto. Alimtazama Kaa tu, na Kaa akaona heri angekanyagwa.

Bi Chura alibaki kidogo, anayaangalia mayai yale ya ukingoni.

"Bi Chura, nilimkusudia Kiboko, wallahi. Sikukukusudia wewe."

"Kiboko alikupa uji, jirani," akasema Bi Chura. "Mimi nilikupa wanangu."

Akaruka majini, chubwi! akamfuata Kiboko.

Kiboko hakumlipizia Kaa, wala hakumletea uji tena. Na tangu siku hiyo Kaa hupunga gando maji yanapopwa, kuwaambia majirani kwamba sasa waje wateke. Haamuru kitu. Na akimwona yeyote anakuja, hata mtoto mwenye kindoo, hukimbilia shimoni, kwa kuwa aibu ile haijamtoka mpaka leo. Nendeni topeni mkamwone.

Basi, wanangu, ukimdanganya mkubwa ili umcheke, jua kuna mdogo kando anayekuamini.