Ngiri Alivyomfukuza Mpangaji

Jamani, hadithi ninayo!
Ilete tuisikie!

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakipangishana mashimo kwa mkataba, Ngiri alikuwa na uso laini na mashimo mawili. Moja akikaa mwenyewe. La pili alimpangisha Nungunungu, mjane mwenye watoto wachanga. Walikubaliana mbele ya Mhanga, mchimbaji na mwamuzi wa mashimo: kodi ni mizizi, na Ngiri akilitaka shimo lake, atoe notisi ya miezi mitatu.

Mjane akalipa kila mwezi bila kukumbushwa.

Siku moja akaja Fisi, anatafuta pa kupanga. Akamwita Ngiri "mheshimiwa". Ngiri hakuwahi kuitwa hivyo, hata na mkewe. Papo hapo akamwahidi shimo la mjane, na kwa kuwa bado lina mtu, akamkaribisha kwake angojee.

Siku ya kwanza Ngiri akamwambia mjane ahame leo leo. Mjane akamuuliza habari ya miezi mitatu. Ngiri akarudi.

Siku ya pili akang'oa mlango. Mjane akaziba kwa matawi. Ngiri akarudi.

Siku ya tatu akaingia bila hodi, kichwa mbele, amtoe kwa nguvu. Mjane alikuwa akinyonyesha. Aligeuka tu, akampa mgongo.

Ngiri akakimbilia kwa Mhanga kushtaki, uso umejaa miiba. Moyoni hakuwa na shaka: shimo lake, uso wake, haki yake.

"Ulichomwa wapi?" Mhanga akauliza.

"Chumba cha ndani kabisa."

"Ulipiga hodi?"

Ngiri akajishughulisha na mwiba wa puani.

"Shimo ni lako," Mhanga akasema, "lakini maadamu analipa kodi, mlango ni wake. Abaki. Na tangu leo, anayepokea kodi asimtoe mtu bila notisi."

Ngiri akarudi kwake ajilaze. Akamkuta Fisi amejinyoosha shimo zima. Fisi akamsogezea mfupa, na Ngiri, kwa mazoea ya wenye nyumba, akaupokea.

"Asante, mheshimiwa," Fisi akasema. "Umeshapokea kodi. Sasa tafadhali, unanizibia mlango."

Mpaka leo Ngiri hujibanza katika mashimo yaliyoachwa na Mhanga, uso una vinundu. Huingia kinyumenyume, macho nje, amwone mapema anayekuja kumtoa.

Basi, wenye nyumba mnaonisikia: mpangaji aliyetimiza mkataba msimfukuze kwa ubabe. Siku mtakapohitaji sheria iwalinde, mtaikuta mmeivunja wenyewe.

Yangu nimeitua hapa. Anayeitaka aibebe.